Ripoti ya Miezi 24 ya Ziwa Powell: ni ya bure, ni nzito, na mstari wa kati hautoshi

Kila mwezi, tarehe za katikati, Bureau of Reclamation, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mabwawa makubwa ya magharibi mwa nchi hiyo, hutoa makadirio ya maji ya mto Colorado kwa miezi 24 ijayo. Mabwawa yaliyomo ni mengi, lakini kurasa zinazofunguliwa kwa wasiwasi ni za Ziwa Powell, bwawa lililojaza korongo la Glen Canyon mpakani mwa Utah na Arizona. Mwenye boti anataka kujua kama Mei atapata pa kuishushia. Anayefuatilia umeme anataka kujua mitambo itazunguka mpaka lini. Kwa maswali hayo hakuna huduma inayoizidi hii, na haitozwi hata senti. Shida yake ni kwamba imeandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi wenzao, na msomaji wa kawaida anaweza kuondoka na namba sahihi lakini maana potofu.

Kwanza, namba yenyewe. Usawa wa maji hutajwa kwa futi juu ya usawa wa bahari, wala si kina. Ukisoma 3,520, jua kwamba kitanda cha mto wa zamani penye ukuta wa bwawa kiko karibu futi 3,130, kwa hiyo kina cha maji hapo ni kama futi 390. Namba za kukariri ni nne. Kwenye 3,700 bwawa limejaa. 3,525 ni kiwango cha tahadhari kilichowekwa ili kulindwa chini ya mpango wa ukame wa 2019. Chini ya 3,490 mitambo ya umeme haiwezi tena kupitisha maji. Kwenye 3,370 maji hayatoki tena kwenda chini ya bwawa. Milango ilifungwa 1963 na bwawa likajaa kwa mara ya kwanza 1980. Mwanzoni mwa 2023 lilikuwa limeshuka hadi karibu 3,520, na kuta za mawe mekundu zikabaki na utepe mweupe wa chumvichumvi wenye urefu wa futi 180 hivi juu ya maji.

Sasa jedwali. Safu ya maji yanayoingia, ya mvuke unaopotea, ya maji yanayopitia mitambo na ya jumla ya yanayotolewa zote ziko katika maelfu ya ekari-futi. Penye 600 soma 600,000. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, yaani zaidi kidogo ya lita milioni 1.2. Safu ya usawa huonyesha mwisho wa mwezi tu. Hili huwaponza wengi, kwa sababu bwawa hufika chini kabisa kati ya Machi na Aprili, kabla theluji ya milima ya Rocky haijayeyuka, na siku yenyewe ya kiwango cha chini inaweza kuangukia katikati ya mwezi ambapo jedwali halioni. Kwa hiyo fungua pia ukurasa wa vipimo vya kila siku wa idara hiyohiyo. Huo ni mwepesi na unasomeka hata kwenye simu.

Kuna pia safu ya maji yaliyomo ndani ya miamba, ambayo wengi huiruka. Mawe ya mchanga ya korongo hunywa maji bwawa linapopanda na kurudisha sehemu yake linaposhuka, na ndiyo maana hesabu ya kuingia na kutoka haifungi ukiipiga kwa vidole.

Kiini cha ripoti ni mistari mitatu ya makadirio. Wa kati hutokana na mtiririko ambao una nafasi sawa ya kuzidi au kupungua. Wa chini huchukua mwaka mkavu ambao nafasi ya kupata maji kidogo zaidi ya hapo ni asilimia 10. Wa juu ni kinyume chake. Magazeti hunukuu wa kati, na hapo ndipo watu hupotea. Makadirio ya mwaka wa kwanza hutoka kwa kituo cha utabiri wa mto kilichoko Salt Lake City, kinachoangalia theluji na udongo wa wakati huo. Mwaka wa pili hauna theluji ya kuangalia bado, hivyo hutegemea kumbukumbu za 1991 hadi 2020. Kipindi hicho kina miaka ya tisini iliyokuwa na maji mengi. Matokeo yake, mstari wa kati hupenda kuinuka mwishoni hata pale hali ya sasa haitoi sababu. Kwa mipango ya fedha au ya safari, soma wa chini, na mwaka wa pili uuchukulie kama fununu.

Mfano wa 2021 unaonyesha vizuri. Theluji ya majira hayo ya baridi haikuwa mbali sana na kawaida, ila udongo ulikuwa umekauka kiasi kwamba uliinywa kabla haijafika mtoni, na maji yaliyoingia Powell mwaka ule yalikuwa kama theluthi moja ya wastani. Julai bwawa lilivunja rekodi ya chini ya 2005. Lakini haki itendeke: miaka miwili baadaye ripoti za mwanzo wa 2023 nazo zilikuwa na hofu kupita kiasi, theluji ikaja nyingi, na bwawa likapanda zaidi ya futi 60 kufikia Julai.

Kitu ambacho ripoti ingepaswa kukipa ukurasa mzima ni umbo la korongo. Limekaa kama funeli. Likiwa limejaa, uso wa maji ni karibu ekari 160,000, hivyo futi moja ni karibu ekari-futi 160,000. Penye 3,525 uso ni chini ya nusu ya hapo. Kwa kiasi kilekile cha maji kinachotolewa, bwawa likiwa chini hushuka kwa kasi maradufu. Anayechora mstari mnyoofu kutoka mwaka jana hujidanganya. Isitoshe, Julai 2022 jedwali la ujazo lilibadilishwa kufuatana na vipimo vipya vya mchanga na matope chini ya bwawa, na asilimia ya kujaa ikashuka bila tone kutoka. Ukilinganisha hali ya bwawa kabla na baada ya hapo, tumia futi.

Doa kubwa zaidi kwangu ni ukimya kuhusu mabomba. Maji yakipita chini ya 3,490, njia inayobaki ni mabomba manne ya chuma yenye kipenyo cha inchi 96. Baada ya maji mengi kupitishwa humo Aprili 2023 kwa ajili ya kurudisha mchanga Grand Canyon, korongo kubwa lililo chini ya bwawa, ndani yake kulikutwa mikwaruzo na mashimo yaliyotokana na mapovu ya mvuke yanayopasuka penye kasi kubwa, na ilibidi yapakwe upya. Jedwali linaweza kuonyesha kiasi cha kutolewa bila kukwambia njia hiyo itahimili kwa muda gani.

Ripoti pia haisemi lolote kuhusu njia za kushushia boti. Kiwango cha chini cha kila njia, kuanzia Wahweap hadi Bullfrog, hutangazwa na National Park Service, idara ya hifadhi za taifa, na hutofautiana kati ya boti ndogo na boti-nyumba. Chukua usawa wa chini wa mwezi unaoutaka, punguza futi mbili tatu za tahadhari, kisha linganisha. Hite, kwenye ncha ya ziwa ambako mto huingilia, usiihesabu. Maji yaliikimbia zamani.

Kwa anayeweza kusoma ripoti mbili tu kwa mwaka, achague ya Aprili na ya Agosti. Ya Agosti ndiyo inayoamua kiasi cha kutolewa mwaka unaofuata, na ndiyo iliyotangaza upungufu wa kwanza rasmi wa Ziwa Mead, bwawa linalofuata chini ya Powell kwenye mto huohuo, mwaka 2021. Za Novemba na Desemba zina theluji changa mno, soma ukiwa na muda wa ziada.