Klipu na Kabari za Kusawazisha Vigae: Nimezijaribu Katika Bafu la Zamani

Karibuni tena, watazamaji wangu. Nyuma yangu ni lile bafu la zamani mliloniona nikilibomoa katika video iliyopita: vigae vyote vimekwisha kung'olewa, plasta iliyolegea imebanduliwa na kupigwa upya, na kuta zimepakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili. Namna ya kuchanganya gundi naiacha, kwa kuwa tulikwisha kuizungumza. Leo nimeleta kifaa kimoja tu, nacho ni klipu, hiki kipande cha plastiki chenye kitako bapa na shingo nyembamba, pamoja na kabari yake.

Kwa muda mrefu nilizidharau klipu hizi. Nilikuwa na misalaba ya plastiki, pima maji na nyundo ya mpira, nikaona vinatosha. Lakini kazi ya msalaba ni kulinda upana wa mwanya. Hauwezi kuzuia kigae kimoja kuzama na jirani yake kubaki juu. Katika bafu nililolitengeneza kabla ya hili, niliiacha sakafu jioni ikiwa sawa kabisa, na asubuhi nilipoikanyaga peku nikakuta kingo tatu zimesimama, kwa sababu vigae vilikuwa vimeshuka usiku wakati gundi ingali mbichi. Niliumia sana, maana ukingo wa namna hiyo humkwaza mtu, na povu la sabuni hugandia hapo kila siku.

Sasa tazameni kwa karibu. Kigae hiki ni cha sentimita 60 kwa 60. Nimetandaza gundi kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari yote ikielekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutoka, na mgongoni mwa kigae nimepaka tabaka jembamba. Naingiza kitako cha klipu chini ya ukingo, kama sentimita 5 kutoka kwenye kona, halafu naleta kigae cha pili mpaka kiiguse shingo. Kabari inapita katika tundu la klipu. Naisukuma kwanza kwa kidole, kisha naibana kwa koleo lake. Mmeona? Kile kilichozama kinainuliwa na kitako, kile kilichoinuka kinakandamizwa na kabari, na vyote viwili vinakutana. Napitisha ukucha kutoka huku kwenda kule, wala haukwami. Ngoja nirudie upande huu wa pili, kwa sababu sichoki kukitazama kitendo hiki. Tena haukwami!

Hata hivyo, msikaze kupita kiasi. Ukikaza mno, shingo hukatika kabla ya wakati, au kigae hunyanyuka kutoka kwenye gundi na kuacha uwazi chini yake, na uwazi huo ndio unaolia kama debe tupu ukigongwa. Klipu husawazisha kingo mbili zinazopakana. Haziwezi kuinyoosha sakafu yenye mabonde, wala haziwezi kuutafuta mteremko kwa niaba yenu. Mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji, takriban sentimita 2 kwa kila mita, hutengenezwa kwenye saruji kabla ya gundi kufunguliwa.

Kuhusu gharama, hapa ndipo furaha yangu inapopungua kidogo. Kabari hutumika tena na tena, lakini klipu hutumika mara moja tu. Kwa vigae vya ukubwa huu, nikiweka mbili kila upande, nahitaji kama 11 kwa kila mita ya mraba. Kwa vile vya 30 kwa 60, nikiweka mbili upande mrefu na moja upande mfupi, hufika kama 17. Hesabuni kuta zote, ndipo mtaona jinsi pakiti zinavyokwisha. Zipo pia zile za kofia ya kuzungusha, ambazo humwezesha mtu kukaza polepole zaidi, na wengi wenu mmeniomba nizilinganishe. Nitafanya hivyo baada ya video ya grauti, yaani ule mchanganyiko wa kujazia mianya, ambayo ndiyo inayofuata. Kwa ukuta mzima, hata hivyo, vidole huchoka kuzungusha, nami bado naipendelea kabari.

Upande ule niliumaliza jana, na saa 24 zimekwisha kupita. Nagonga klipu kwa nyundo ya mpira kufuata mwelekeo wa mwanya, kamwe si kuukingama, kwa kuwa pigo la kukingama linaweza kuumega ukingo wa kigae. Imekatika chini kabisa, na kitako kimebaki kimezikwa. Hii hapa, kwa bahati mbaya, imeacha kisiki juu ya mwanya, nacho lazima nikikate kwa kisu leo, kwa sababu kikibaki kitachomoza juu ya grauti. Kati ya klipu 40 za upande huu, visiki ni viwili. Naukubali usumbufu huo, na ukuta uliobaki nitaufunga kwa klipu hizi hizi.