Uzoefu wangu: uwanja wa Tottenham, kuanzia kiti cha juu mpaka chini ya nyasi

Niseme mapema mi sio shabiki wa Spurs, ndio hao hao Tottenham, nimezaliwa Simba na huku Uingereza sina timu, kwa hiyo haya sio mahaba. Nimeingia Tottenham Hotspur Stadium, hapa London, kwa mechi ya ligi, afu nikarudi siku nyingine kwa ile ya kulipia unatembezwa ndani, na kwa maoni yangu ndio uwanja wa mpira uliofikiriwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Sio kwa ajili ya mataa wala maskrini, hayo siku hizi kila mtu anaweka. Ni kwamba waliochora, kampuni ya Populous, inaonekana walianza na mtu aliyekaa kwenye kiti, anaona nini, anasikia nini, mengine yakafuata.

Ukaribu ndio kila kitu. Sisi tuliozoea uwanja wa Mkapa kule Dar tunajua, ukikaa mzunguko nyuma ya goli kuna tartani ya riadha kati yako na wachezaji, goli likifungwa upande wa pili unasubiri uone nani anakimbia kushangilia ndio ujue kimetokea nini. Huku hakuna tartani, mtu wa mstari wa mbele yuko kama mita tano tu kutoka kwenye mstari wa uwanja, akirusha mpira beki unaweza kumsalimia. Mi nilikua juu kabisa upande wa mashariki na bado namba za mgongoni nazisoma bila kukunja macho, maana majukwaa yamesimama wima kiasi kwamba hata ukiwa juu haupo mbali sana.

Jukwaa la kusini sasa. Aisee. Viti 17,500 kwenye jukwaa moja tu lisilokatwa, hamna ghorofa hamna vyumba vya mabosi vimechomekwa katikati, Uingereza hakuna jukwaa moja kubwa kama lile. Wenyewe hawafichi kwamba waliangalia ule ukuta wa njano wa Dortmund ya Ujerumani, jukwaa lao kubwa la mashabiki. Mteremko wake ni nyuzi 34, karibu kabisa na mwisho wa kinachokubalika kiusalama huko kwao, ndio maana ukilitazama ukiwa upande mwingine unaona vichwa vya watu vimepandana. Na kelele haziendi angani, paa na kuta za nyuma zimewekwa makusudi sauti irudi chini uwanjani, wataalamu wa sauti walikuwepo tangu kwenye michoro. Kuna sehemu viti vina reli ya chuma ili watu wasimame bila kusukumana, na toka 2022 kusimama kumeruhusiwa rasmi pale.

Angalia tena juu: nguzo hamna. Uwanja unabeba watu 62,850 na hakuna hata mmoja anayechungulia pembeni ya nguzo. Paa lile limefanya kazi kama ringi ya baiskeli, kuna pete nzito ya chuma nje kuzunguka uwanja mzima, nyaya zinatoka pale zinavutwa kwenda ndani kwenye pete ya katikati, ile ya nje inabanwa, za ndani zinavutika, wote wanashikiliana. Kwa hiyo chini panabaki peupe.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni nyasi. Hapo hapo ndio wanachezea NFL, ule mpira wa Wamarekani, walisaini mkataba wa miaka 10 mwaka 2015, na wale jamaa na uzito wao wakikanyaga nyasi za mpira wa miguu Jumapili, wiki inayofuata hakuna cha kupigia pasi. Dawa yao ni kwamba uwanja wa nyasi unaondoka. Yaani wote, na udongo wake. Umekatwa vipande vitatu kwa urefu, kila kimoja zaidi ya tani 3,000, viko juu ya magurudumu na mota za umeme, vinateleza kuingia chini ya jukwaa la kusini na chini ya eneo la nje ambalo watu tunapita tukienda geti, kazi ya dakika kama 25 hivi. Kule chini nyasi zinawashiwa taa na kumwagiwa maji kama kawaida ziendelee kuishi. Kinachobaki wazi ni nyasi bandia za NFL, zimelala mita 1.6 chini zaidi, na hiyo nayo sio bahati mbaya, kwenye NFL kikosi kizima kinasimama pembeni ya mstari, wakisimama usawa wa juu wangemziba mtu wa mbele, wakishuka chini anaona juu ya vichwa vyao.

Unaweza kujiuliza kwa nini vipande vitatu na sio kimoja. Jukwaa lile kubwa la kusini limebebwa na nguzo mbili kubwa za chuma zilizotanuka juu kama matawi, nyasi lazima zipite katikati yake, sa huwezi kupitisha uwanja mzima kwa mkupuo, unaukata. Yule aliyetupitisha alipoeleza hilo nilikaa nalo siku nzima, kwamba uamuzi wa jukwaa moja kubwa juu ndio ulioamua nyasi zikatwe vipi chini. Watu wanaosema uwanja ni zege na viti tu wapelekwe pale.

Historia kwa kifupi: umejengwa pale pale palipokuwa na White Hart Lane, uwanja wao wa zamani, wakaanza ujenzi huku mechi zinaendelea, ikafika mahali wakabomoa kona moja ya uwanja wa zamani timu bado inachezea humo. Msimu wa 2017/18 wakahamia Wembley. Walipanga kurudi Septemba 2018, mifumo ya usalama ikasumbua, ikawa mpaka tarehe 3 Aprili 2019, Crystal Palace akapigwa 2-0, na Son, mshambuliaji wao wa wakati ule, ndio akafunga la kwanza. Gharama ikapanda mpaka kupita paundi bilioni moja. Zege la uwanja wa zamani lilisagwa likachanganywa kwenye sakafu za mpya, na ilipokuwa senta ya zamani pamewekewa alama. Na wenzetu Wakenya wana haki ya kutamba, mechi ya pili ya ligi pale, Spurs walipoipiga Huddersfield 4-0, goli la kwanza ni la Victor Wanyama.

Huduma sasa. Keshi haipokelewi, kadi au simu tu, aliyezoea N-Card, ile kadi ya kulipia kiingilio kwetu Tanzania, hatashangaa. Kuna mashine glasi ya bia inajazwa kuanzia chini, watu wanapiga video badala ya kunywa, mi nilikunywa soda. Baa ya nyuma ya jukwaa la kusini ina urefu wa mita 65, sawa na upana wa uwanja karibu. Kuna sehemu pia wenye hela wanakula huku wanawaona wachezaji kupitia kioo wakiwa kwenye korido ya kuingilia, hiyo kwangu ni mbwembwe, chakula kingenipoa.

Tiketi kuweni makini. Kuna mtandao mmoja wa kuuza tena tiketi ulinizungusha mpaka asubuhi ya mechi, nunueni kwa klabu wenyewe, uanachama ukihitajika lipeni.

Ubovu halisi ni kufika na kutoka. Stesheni iliyo karibu kabisa ni White Hart Lane, ndogo ukilinganisha na watu zaidi ya 60,000, mechi ikiisha foleni inapangwa mpaka barabarani, na treni ya chini ya ardhi haifiki pale mlangoni. Mi nilifuata umati tukatembea High Road mpaka Seven Sisters, kama nusu saa, njiani kuna kuku wa kukaanga kila baada ya hatua kumi. Ukienda na mzee au watoto mpange mapema, na kama hamna haraka basi bakini ndani kidogo, baa hazifungwi mara tu refa akimaliza.