Darubini na skopu za kuangalia ndege Kigoma: zipi zinafaa mkitoka kundi

Wakuu, watu wananiuliza sana wanunue darubini gani ili watoke na sisi wikiendi kuangalia ndege huku Kigoma, na kila nikijibu kwa mdomo nasahau nusu ya mambo, kwa hiyo naandika hapa zote ambazo zimepita mikononi mwetu, za kundi na za kuazima. Ila muelewe naongelea kundi, watu nane au kumi wenye vifaa vitatu vinne vya kupokezana, siongelei mtu mmoja aliyejikalia na mali yake shingoni. Kwenye kundi hata ukuzaji uwe mkubwa vipi haukusaidii kama mwenzako ukimpasia hicho kifaa anahangaika mpaka ndege anaruka, yaani mimi kila darubini naipimia hapo tu, mtu wa pili anamwona ndege au hamwoni.

Tuanze na za barabarani tumalizane nazo. Zile nyeusi zenye lenzi nyekundu zinazong'aa, zimeandikwa 90x90 sijui 100x nini, muuzaji anakwambia unaona mpaka Kongo. Jamani, Kongo tunaiona kwa macho, milima ile pale ng'ambo. Kwenye maandishi ya darubini namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, sasa chukua rula ya mtoto wa shule upime hiyo lenzi, kama imeandikwa 90 na wewe unapata ishirini na kitu basi namba ya kwanza nayo ni hadithi. Na ule wekundu si ubora, lenzi ya hivyo inarudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo unachoona ndani kinakuwa na ukijanikijani na wekundu umepungua, sasa mtu anajifunza kumtambua mdiria mdogo kwa mdomo wake mwekundu halafu umempa kioo kinachokula wekundu, unategemea nini. Kuangalia mpira uwanja wa Lake Tanganyika ukiwa jukwaa la mbali sawa, ndege hapana.

Sasa zinazofaa. Kwa kundi mimi nasema 8x42 na sibishani sana na mtu wa 10x42, namwacha apande boti ya Kibirizi kwenda Gombe nayo. Ukikuza mara 10 na mtikisiko wa mkono unakuzwa mara 10, ongeza injini, ongeza mawimbi, ongeza mama kakuegemea na ndoo yake, utaona maji yanaruka tu. Nane inatulia. Halafu kuna mwanga, gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, hiyo ndo milimita ya mwanga unaotoka upande wa jicho lako, kwenye 10x42 unapata 4.2. Mchana kweupe hutaona tofauti, lakini saa kumi na mbili asubuhi bado giza giza kwenye mafunjo ya mto Luiche utaiona, na kitu kingine watu hawakisemi, ule mwanga ukiwa mpana jicho la mgeni halihitaji kukaa sawasawa katikati ndo lione, anaweka tu macho na picha ipo. Kwa mtu ambaye ndo mara yake ya kwanza kushika darubini hiyo ni kubwa kuliko ukuzaji wowote.

Ila 8x42 nazo hazilingani. Mfano Nikon wana Monarch M5 na M7, zote za 8x42, kwa macho utadhani mapacha. M5 kwa umbali wa mita 1,000 inakuonyesha upana wa mita 112, M7 inakuonyesha 145. Mita zaidi ya thelathini za bure! Ukimwelekeza mtu "angalia mchikichi wa tatu, kuti lililokauka, kashuka chini kidogo" halafu upana ni mdogo, anazunguka kuti moja moja mpaka tumbusi wa michikichi anamaliza chikichi yake na kuondoka (ndio, yule mweupe mwenye nyeusi mabawani anakula tunda la mchikichi, ni jamaa wa huku huku kwa wala mawese). Kwa anayejua ndege M5 inatosha kabisa na ni nyepesi kidogo, na bei yake iko chini ya M7. Kwa kundi lenye wageni wengi ningejibana nichukue pana.

Wenye miwani sikilizeni hapa maana mnaachwa nyuma kila siku. Angalia darubini inaruhusu jicho kukaa umbali gani kutoka kwenye kioo, chini ya milimita 15 utakuwa unaona kitundu katikati na weusi pembeni. M5 ina 19.5, ni nzuri sana kwa miwani. Na vile vikombe vya mpira vya machoni, mwenye miwani avizungushe viingie ndani, asiye na miwani avitoe nje. Tuna mwalimu mmoja kwenye kundi alikuwa anavua miwani kila akipewa darubini, anaishika mkononi, anakosa ndege, anatafuta miwani, basi siku ameonyeshwa kukunja vile vikombe akawa hashikiki, sasa hivi yeye ndo anatutangulia.

Halafu ile pete ya jicho la kulia, hii ndo inaharibu safari za kundi kuliko mvua. Pete hiyo ni ya kusawazisha tofauti ya macho yako mawili, unafumba la kulia unavuta fokasi ya katikati mpaka la kushoto lione safi, kisha unafumba la kushoto unazungusha pete mpaka la kulia nalo lione safi, basi, baada ya hapo ni fokasi ya katikati tu siku nzima. Sasa mkiwa wanne kwenye darubini moja kila mtu anazungusha pete akidhani ndo fokasi na anayefuata anapokea ukungu, anasema darubini yenu mbovu. Kama unanunua kwa ajili ya kundi tafuta yenye pete ya kufunga, au angalau ngumu isiyozunguka kwa kuguswa. Sisi kwenye ile isiyofunga tumebandika vipande vya plasta vyenye herufi ya kila mtu, mtu anafika kwenye herufi yake anaendelea. Inaonekana ya kishamba lakini inafanya kazi.

Kwa watoto wa shule, darubini za lenzi 42 mara nyingi hazikunjiki za kutosha kwa macho yao, zinaishia karibu milimita 56 kati ya jicho na jicho, mtoto macho yake yako karibu zaidi, kwa hiyo anaangalia kwa jicho moja. Wapewe 8x32 ndogo, ila mjaribu kwanza kama inakunjika zaidi, na hata shingo haiwaumi.

Skopu sasa, ile darubini ya jicho moja inayokaa kwenye stendi. Kwa kundi skopu moja nzuri nairidhia kuliko darubini tatu za kati, kwa sababu nyepesi tu, wewe mwenye kujua unamtafuta ndege, unafunga stendi, unatoka, na wote wanapita foleni wanamwona yule yule pale pale bila kuelekezwa. Hakuna kuti la tatu wala la nne. Ila iwe ile ya jicho lililopinda digrii 45, usinunue iliyonyooka hata ukipunguziwa. Iliyopinda unaipanga kwa urefu wa mtu mfupi kuliko wote na warefu wanainama, iliyonyooka kila mtu anataka stendi ipandishwe ishushwe, ikiguswa tu ndege kapotea. Pia ukiweka simu kwenye jicho la skopu wanaona watu watano kwa pamoja, na hata bibi ambaye hawezi kufumba jicho moja anamwona kwenye kioo cha simu.

Kuhusu zumu, nyingi ni 20 mpaka 60, na kila mtu akifika anapeleka 60. Skopu ya lenzi ya milimita 80 kwenye 60 inatoa mwanga wa milimita 1.3 tu, picha inafifia, na ikifika saa nne asubuhi kwenye tambarare hewa ya joto inaanza kucheza, ndege anakuwa kama yuko ndani ya maji yanayochemka, hapo hata skopu ya milioni ngapi haikusaidii, rudisha 25 au 30. Kule mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo ambalo toka 2000 liko kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu muhimu za dunia, na lilikuwa la kwanza Tanzania, ndo utaelewa skopu ni ya nini, maana korongo nyangumi, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anaweza kusimama kwenye mafunjo muda mrefu hajitikisi, yuko mbali, na huwezi kumsogelea kwa mguu kwenye matope yale. Kwenye boti lakini iache nyumbani, haina maana.

Kwa wanaokuja ziwani: pwani yetu inatazama magharibi, asubuhi jua liko mgongoni na furukombe anaonekana mpaka manyoya ya shingo, mchana ukishapinda unaangalia juani, kila ndege ni kivuli cheusi. Msije saa kumi halafu mkalaumu vioo. Na tafadhali msimwelekeze mtu darubini kwenye jua hata kidogo, jicho litaharibika kweli.

Kama mna hela ya kuchangishana na haitoshi vyote, mimi ningefanya hivi: darubini mbili za 8x42 zisizopitisha maji, skopu ya lenzi 65 iliyotumika badala ya 80 mpya, na kinachobaki chote kiende kwenye stendi. Watu wanabana hapo wanachukua stendi ya plastiki ya simu, upepo wa ziwani ukija skopu inatetemeka na siku moja inaanguka na lenzi. Stendi iwe nzito, au iwe na kindoano chini katikati mning'inize begi lenye maji ya kunywa. Na vumbi likiingia kwenye lenzi pulizeni kwanza, msifute na pindo la kanga, ule mchanga ndo unachora kioo.

Mwenye skopu ya kuuza iliyopinda, iwe ya 65, anicheki, kundi la Ujiji wanatafuta.