Tangi la samaki lenye mimea: nunua cha kuzima kabla ya cha kuwasha

Nenda duka la samaki wa mapambo ukalalamike kwamba maji yamegeuka kijani. Mara nyingi utatoka na chupa ya dawa ya kuua mwani, yaani vile vijimea vinavyoyapa maji ukijani. Mimi nimetoka nayo mara mbili. Tangi langu ni la lita 65 hivi, taa nilikuwa nawasha nikiamka na kuzima nikienda kulala, na maji yakawa kama kisamvu. Dawa iliyasafisha kwa wiki moja. Konokono wakafa, mwani ukarudi.

Mwani unakula kilekile kinacholiwa na mimea: mwanga, virutubisho na hewa ya ukaa. Mwanga ukizidi ule ambao mimea inaweza kuutumia, ziada yote ni chakula cha mwani. Ndiyo maana vitu vya kununua nimevipanga hivi, cha muhimu zaidi kwanza.

Namba 1: taima, kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ndicho kinachofanya kazi kubwa. Weka saa 6 kwa siku, usizidishe 8. Mimi nawasha saa 10 jioni na kuzima saa 4 usiku, muda ambao niko nyumbani kuangalia samaki. Taima za mzunguko, zile zenye vipini vidogo pembeni, ni imara, lakini umeme ukikatika nazo zinasimama. Umeme ukikaa saa 3 bila kurudi, taa itachelewa saa 3 mpaka uirekebishe mwenyewe. Kwa hiyo kwetu huku bora ya kidijitali yenye betri ndani. Ijaribu palepale dukani: weka saa, ichomoe, zunguka kidogo, rudi uone kama bado inahesabu. Hakikisha pia plagi yake inaingia kwenye soketi yako bila adapta inayochezacheza.

Namba 2: balbu ya LED ya kawaida. Wauza vifaa vya akwaria hawatakupenda kwa hili. Balbu ya wati 9, nyeupe, iliyoandikwa 6500K (rangi ya mwanga wa mchana), inatoa lumeni kama 800; lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Kwa tangi kama langu ni lumeni 12 hivi kwa lita, na hizo zinatosha mimea ya mwanga mdogo kama anubiasi na jimbi la Java. Angalia holda yako ni ya kuzungusha au ya pini kabla ya kulipa. Iweke juu ya kifuniko cha kioo, na waya uuache uning'inie chini ya soketi ndipo upande, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Namba 3: taa maalumu ya akwaria, ikiwa tu ina kitufe cha kupunguza mwanga. Anza na nusu, ongeza mimea ikishashika. Isiyopunguzika iache, hata ikiwa nzuri vipi. Mwanga mkali bila kuongeza hewa ya ukaa na mbolea ni kulima mwani.

Namba 4: mimea inayoelea, kama pistia. Inaweka kivuli, inakula virutubisho haraka. Ikizidi, ianike juani mpaka ikauke kabisa, usiitupe mtoni. Gugumaji lililotanda Ziwa Victoria nalo lililetwa Afrika kama pambo.

Namba 5: walaji. Konokono wa neriti anasugua kioo vizuri, ila atakuachia mayai meupe kwenye mbao, na hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi. Pleko, samaki anayeuzwa kama "msafishaji" akiwa na urefu wa kidole anaweza kupita sentimita 30. Huyo atahitaji tangi lake.

Mwisho kabisa ni dawa. Baadhi zina shaba, ambayo ni sumu kwa konokono na kamba, na mwani ukifa kwa wingi unaoza na kumaliza oksijeni.

Kama tangi lako liko dirishani, kabla ya kununua chochote lisogeze au shusha pazia, maana jua letu linawaka kwa muda wa saa 12 kila siku na halina taima. Na kama tangi ni jipya na unachoona ni utando wa kahawia, ufute kwa kitambaa usubiri wiki chache. Huo mara nyingi huondoka wenyewe.