Steshenari ya Profesa, Mlango Mmoja: kopi nyota tano, madesa ya itikadi ndo nina neno

Naanza na mazuri maana yule mzee nampenda na sitaki mtu aje kusema nimemharibia biashara. Ukishuka Mlango Mmoja hapa Mwanza kwenye mitumba unawapita wauza viatu, unaingia kile kichochoro kina mama anakaanga sato asubuhi na jioni, mlango wa tatu. Bango hamna, lilidondoka na upepo wa mvua na halijarudishwa, we uliza tu kwa Profesa. Profesa mwenyewe hajawahi kufundisha popote, ni jina la wateja, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Kopi sh 50 kama una nyingi, 100 kama ni moja mbili. Tona yake nyeusi kweli, siyo ile ya kijivu unakabidhi kazi mwalimu anadhani umeandika kwa penseli. Umeme ukikatika ana sola inasukuma mashine moja, kwa hiyo siku ya mwisho ya kukabidhi haikupiti ukiwa umekaa gizani. Kubaindi anafanya mwenyewe kwa mkono, taratibu mno, lakini hakatiki hata ukurasa. Hapo kote nyota tano sina maneno.

Sasa tusidanganyane, watu hawatoki Nyakato na Igoma wakapita steshenari kumi njiani kwa ajili ya kopi. Wanafuata madesa.

Kwa wale ambao hawajapita chuo, desa ni notsi au majibu ya watu waliotangulia, unalimeza unaenda kulitapika kwenye chumba cha mtihani. Kila steshenari ya wanafunzi inayo. Ya Profesa tofauti yake ni kwamba hajayapanga kwa masomo, kayapanga kwa walimu. Ukimwambia nataka desa la DS, yaani Development Studies, somo la maendeleo, anakuuliza nani anawafundisha, ukimtajia jina anafumba macho kidogo kama mganga alafu anavuta faili. Mekundu ni ya walimu wa mrengo wa kushoto, ya bluu ni wale wa soko huria, njano ni waoga, yaani hao ukigusa serikali kwa ubaya au kwa uzuri wote unakatwa, we andika tafsiri ya maneno na mifano ya nchi za mbali. Mwanzoni nilidhani rangi za vyama nikamuuliza kwa sauti ya chini, akacheka mpaka miwani ikadondoka. Ati ndo rangi zilizokuwa dukani kwa bei ya chini.

Juu ya kila faili kuna karatasi ya maelekezo kaandika kwa mkono wake. Ya jekundu inasema hivi, nimeinakili: "Maneno ya lazima: ubeberu, unyonyaji, pembezoni, tabaka. Rodney atajwe ukurasa wa kwanza. Neno uwekezaji liwekwe kwenye alama za kunukuu." Ya bluu: "Maneno ya lazima: mazingira wezeshi, ushindani, sekta binafsi ni injini. Ujamaa usitukanwe, useme kipindi cha majaribio. Historia ya nchi ianze 1986." Hahaha, 1986 ndo mwaka tuliosaini na IMF enzi za Mzee Mwinyi, yaani kwa faili la bluu nchi ilizaliwa siku hiyo. Na Rodney kwa wasiomjua ni yule Mguyana aliyefundisha pale Mlimani Dar, kitabu chake cha Ulaya ilivyoifanya Afrika ikose maendeleo kilitoka 1972 na kilichapishwa hapohapo Dar na Tanzania Publishing House. DS ni somo ambalo vyuo vingi hapa nchini wanakulazimisha hata kama unasomea uhasibu, kwa hiyo faili jekundu ndo limechakaa kuliko yote, lina mafuta ya vidole kama kitabu cha madeni cha mangi.

Mimi nasoma jioni, chuo sitakitaja, mchana nipo kazini na nina watoto wawili, muda wa kupiga msuli sina. Semista ya kwanza tukapewa asaimenti: jadili mchango wa viwanda vya kuchakata samaki katika maendeleo ya Kanda ya Ziwa. Mwalimu wetu wa DS alikuwa jekundu kwa mujibu wa Profesa. Nikanunua desa elfu mbili, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikapata 17 kwa 20.

Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma ile karatasi ndani ya daladala nikakuta mwalimu kapiga vema kubwa nyekundu, kaandika "safi sana" pembeni ya sentensi inayosema wanawake wa mapanki wanalishwa makombo ya ubeberu wasijue wananyonywa.

Mama yangu aliuza mapanki. Wa mbali mjue, sangara akishaingia kiwandani minofu inapanda ndege inaenda Ulaya, kinachobaki kichwa na mifupa ndo mapanki, kinamama wananunua wanakausha juani wanakaanga wanauza. Sangara mwenyewe siyo mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 50 na 60, akala wenzake akajaa, miaka ya 90 viwanda vikaota hapa Mwanza kama uyoga. Mama alikuwa anatoka na beseni alfajiri, anarudi nguo zinanuka moshi, na hiyo harufu ndo ilininunulia sare. Alijua bei ya kila kitu pale sokoni mpaka bei ya bondo, lile puto la tumboni mwa sangara, na alijua vizuri sana nani anapata nini. Ati asijue ananyonywa! Na sentensi ile nimeiandika mimi mwanae, kwa elfu mbili, nikapigiwa vema.

Semista ya pili somo jingine la sera za umma, mwalimu mwingine, swali karibu lilelile maana hapa Mwanza ukikosa swali unauliza samaki. Nikaenda kwa Profesa akavuta bluu. Humo sasa imeandikwa viwanda vimemkomboa mwanamke wa Kanda ya Ziwa kiuchumi. Mama huyohuyo! Faili hili mnyonywaji, faili lile mkombolewaji, na hakuna aliyeandika kwamba 1999 Ulaya walipofunga soko la samaki wa ziwa letu kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu, viwanda vikanyamaza, mapanki yakapotea, sisi tukala ugali na mlenda mpaka tukachoka, alafu soko lilipofunguliwa mama akarudi na beseni lake akiwa anamshukuru Mungu. Hilo utaliweka rangi gani?

Nikamrudishia faili. Nikaandika mwenyewe, kwa hasira kidogo nakiri, nikaweka ajira na nikaweka bei ya minofu ambayo sisi wa hapa tuliiona kwa macho tu, nikaweka 1999. Nikapata 11. Komenti: "Mengi ni hisia. Chagua msimamo, rejea slaidi." Sasa mimi nilivyoelewa slaidi ndo msimamo wenyewe.

Nikaenda kumlilia Profesa, shikamoo mzee, yametimia uliyosema. Akawa anabaindi ripoti ya mtu, hakuinua hata kichwa. Akaniambia mwanangu sisi tulipimwa siasa kabla ya kuingia mlangoni, nyie mnapimwa mkiwa ndani, afadhali nyie. Kumbe yeye alimaliza fomu siksi 1975, mwaka mmoja tu baada ya lile Azimio la Musoma la 1974, hapo Musoma jirani zetu, lililosema huendi chuo kikuu moja kwa moja, unafanya kazi kwanza alafu uje na mapendekezo ya kazini na ya tawi la chama. Akapiga kazi kwenye jineri ya pamba, kazini wakamwandikia vizuri, barua ya tawi ikawa inasubiriwa. Kosa lake aliwahi kuuliza mkutanoni hesabu za pamba za kijiji zimeishia wapi. Alisubiri mpaka akaoa, akapata watoto, akaacha kusubiri. Anasimulia hivihivi bila kinyongo huku anapitisha pini.

Alafu akanipa historia yote, huyu mzee kichwa chake ni maktaba. 1966 wanafunzi wa Dar waliandamana kupinga kulazimishwa jeshi la kujenga taifa, Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, alafu akajikata na yeye mshahara asilimia 20. Hao walionekana mabwanyenye. Sasa miaka minne baadaye, 1970, kikapigwa marufuku kikundi cha wanafunzi cha mrengo wa kushoto kabisa, USARF, pamoja na jarida lao la Cheche, na hiyo ni nchi inayojiita ya kijamaa! Mwenyekiti wake wa awali alikuwa Museveni, huyohuyo wa ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo Profesa anasema ukiwa kulia zaidi yao unapigwa, ukiwa kushoto zaidi yao unapigwa, dawa ni kujua mwenye kalamu kasimama wapi na wewe usimame hapohapo mpaka upate cheti. Chuo hakijawahi kuwa bila siasa, we unataka kuanzisha chako?

Nilimbishia na bado nambishia. Mwalimu kuwa na upande sina shida nao, na mimi ninao, mwalimu asiye na upande labda hajasoma. Shida ni pale upande wake unapogeuka kuwa maksi. Rodney mwenyewe akiwa Dar alikuwa anabishana na watu hadharani, hakuwa anawauzia desa. Na kwetu kosiweki, yaani kazi za ndani ya semista, ni 40, UE, mtihani wa mwisho, ni 60, UE unaandika namba tu lakini kosiweki unaweka jina lako kubwa juu, mwalimu anajua huyu ndo yule mama wa jioni anayebishabisha. Hiyo 40 ndo inafuga madesa yote haya.

Sasa kilichonishangaza. Semista iliyofuata yule jekundu wa kwanza karudi na somo jingine, nikasema liwalo na liwe, sapu, yaani kurudia mtihani, nimeshaziona kwa wenzangu watu hawafi. Nikaandika kumpinga. Nikamwambia kwenye karatasi kabisa kwamba anayesema mama wa mapanki hajui hajawahi kumuuliza, nikaweka na yale ya faida inakoenda maana hapo ana hoja, ila nikamkatalia hitimisho. Kanipa 18. Komenti: "Umenipinga vizuri. Pita ofisini kuna kitabu nikuazime." Yaani mwalimu niliyekuwa namtapikia desa semista nzima kumbe alikuwa anasubiri mtu ambishie! Nikarudi kwa Profesa kumuuliza faili lake alilipata wapi, akapekua akakuta chanzo ni jamaa mmoja aliyefeli 2011. Mtu mmoja, hasira za mtu mmoja, na miaka yote hiyo tunazinunua elfu mbili mbili.

Msije mkasema basi wa kushoto ndo wema. Rafiki yangu alimbishia jekundu mwingine kwa adabu zote na bado akaambulia sapu. Na yule wa bluu wa slaidi wapo wanaosema ukienda kumuona anakusikiliza, mimi sikwenda, nilinuna. Ila ninachosema ni kwamba mafaili ya Profesa hayana tarehe, na mwalimu naye ni mtu, anabadilika, anasoma, anazeeka. Ungekuwa unauza maziwa ungeandika tarehe.

Lingine la kulalamika, na hili ni la huduma kabisa siyo itikadi: ukimpa flashi anakopi kazi yako kwenye mashine yake ndo anaprinti, na haifuti. Dektopu yake imejaa vyeti vya watu, barua za posa, kila kitu. Nilimwambia akasema nitafuta kesho.

Hakufuta. Wiki jana nimeenda kuprinti fomu za mtoto, nikamkuta dada mmoja wa mwaka wa kwanza anatoa kopi, nikachungulia naona maneno yangu. Faili jekundu limepata karatasi mpya juu, kwa mwandiko uleule: "Huyu siku hizi anataka kupingwa. Mtaje mama yako. Mama awe anauza mapanki." Nikamuuliza yule dada we mama yako anauza mapanki? Akaniambia hapana dada, mama ni nesi Bugando, ila Profesa kasema nikiweka nesi napoteza maksi tatu. Wapo kumi na moja waliochukua hilo desa mpaka jana, kwa hiyo kuna mwalimu mahali anasahihisha kinamama kumi na moja wenye mabeseni na sijui atafikiri nini.

Profesa nilipomkazia macho alinipa kopi za fomu bure, akasema wabeja mwanangu, yaani asante kwa Kisukuma, umeniingizia hela.

Anafungua saa mbili mpaka saa mbili usiku, Jumapili baada ya misa ya pili. Kopi na kubaindi nyota tano. Madesa nyota mbili, moja ya historia na moja ya kicheko. Flashi yako kaa nayo mkononi, mwambie afute ukiwa unaona.