Shoki, springi na bushi za gari iliyoshushwa: ununue nini kwanza na nini uachane nacho

Nairobi ukiingia gereji na gari imeshushwa, fundi hata hajafungua boneti ashakuuliza, "Boss, tukuwekee spesa?", ndio vile vipande vya kuinua gari. Si makosa yake. Huku kwetu wengi wanainua gari juu ya mashimo na matuta, sisi wa kushusha ni wachache, kwa hivyo ushauri mwingi utakaopewa na vifaa vingi vilivyo dukani ni vya gari yenye urefu wa kiwanda, na hapo ndio pesa hupotelea. Mimi natumia Subaru Impreza hachibeki ya 2009, kila asubuhi natoka nayo Kasarani nashika Outering mpaka Industrial Area, jioni narudi, Jumamosi niko sokoni na watoto wako nyuma. Sio gari ya shoo. Huu mwongozo ni wa mtu kama huyo, anataka gari ikae chini na bado ifike kazini kila siku bila kugongagonga, na nimepanga kuanzia ile naona ni bora mpaka ile sitaki hata fundi anitajie.

Kwanza elewa kwa nini gari ya chini inakula shoki. Ile rodi ya shoki inaingia na kutoka, na kiwandani walipima iwe imeingia kiasi fulani gari ikiwa imesimama. Ukishusha gari sentimita nne, hiyo rodi imeshaingia karibu sentimita nne kabla hata hujawasha injini, kwa hivyo nafasi iliyobaki ya kunyonya shimo ni kidogo sana, na kila tuta gari inakalia ile mpira ya ndani, bampu stopa. Hiyo mpira ikichakaa, chuma inagonga chuma, sili inapasuka, oili inaanza kutoka. Watu wanasema shoki ilikuwa mbovu, kumbe shoki ilikuwa sawa tu, haikuwa ya urefu huo.

Sasa chaguo langu la kwanza, na sijaona la kulipita kwa gari ya kila siku: springi fupi za kampuni inayoeleweka, zinazoshusha milimita 25 hadi 30 hivi, pamoja na shoki zilizotengenezwa zikijua springi itakuwa fupi. Springi angalia Eibach, H&R, TEIN, RS-R au Tanabe. Shoki, kama gari yako ni ya Japan, kuna KYB Lowfer Sports, tofauti na Excel-G za kawaida ambazo ziko kila duka na ni nzuri kweli lakini kwa gari yenye urefu wa kiwanda. Kwa wenye Golf, BMW na Mercedes kuna Bilstein B8, hiyo ni fupi kabisa kwa ajili ya gari iliyoshushwa, na usichanganye na B6 kwa sababu B6 ni nguvu ileile lakini urefu ni wa kiwanda, nimeona jamaa akiuziwa B6 akiambiwa ni kitu kimoja. B12 ni B8 ikiwa imepakiwa pamoja na springi za Eibach, ukiipata ya modeli yako umemaliza kazi mara moja. Nyingi za hizi ni za kuagiza na utangoja wiki kadhaa, ngoja tu. Milimita 30 inaonekana kidogo kwa maneno lakini gari inakaa vizuri, na matuta ya kwenye estate unapita ukienda polepole na ukikata kona kidogo.

La pili ni koilova mpya za jina, yaani shoki na springi pamoja, ambazo unazungusha kubadilisha urefu wa gari. Naziweka namba mbili, sio moja, kwa sababu wengi wananunua wakifikiria urefu peke yake na hawaulizi mambo mawili muhimu. La kwanza, inashuka vipi? Kuna koilova unazungusha ile sahani inayobeba springi, ikishuka na gari inashuka, lakini na ile safari ya rodi inapungua, umerudi palepale pa tatizo la mwanzo. Kuna zingine unazungusha sehemu ya chini ya bodi ya koilova yenyewe, gari inashuka na rodi inabaki na safari yake yote. Kwa barabara zetu chukua hii ya pili. TEIN Flex Z ni ya aina hiyo, BC Racing za BR pia, lakini TEIN Street Basis Z ni ile ya sahani, sio mbaya ukishusha kidogo, usiende nayo chini kabisa. Jambo lingine ni ugumu wa springi, inaandikwa kwa kilo kwa milimita. Gari ndogo ya familia ukipewa 4, 5, labda 6, unaishi nayo. Ukiona 8 au 10 jua hiyo ilifikiriwa kwa lami laini, na mtoto akilala kiti cha nyuma ataamka kila tuta. Halafu ujue vumbi na matope vinaingia kwenye zile nyuzi za bodi ya koilova, ile mikato ambayo nati inazungukia, kwa hivyo kila ukiosha gari chini, safisha nyuzi na upulizie dawa ya kuzuia kutu, la sivyo siku ukitaka kubadilisha urefu nati haizunguki. Flex Z imefungwa, ikifa unanunua nyingine, BC inaweza kufunguliwa ikatengenezwa, ila uulize kwanza kama kuna fundi anayefanya hiyo kazi karibu nawe kabla hujailipia hiyo sifa.

Tatu, koilova za kutumika kutoka Japan. Hapa niko katikati kabisa. Unaweza kupata seti nzuri kwa bei nafuu, na unaweza kupata chuma chakavu. Japan kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, ndio maana seti zingine zinafika zikiwa na kutu hadi ndani ya nyuzi. Ukienda kuangalia, beba kitambaa. Pangusa rodi, ikiwa na mkwaruzo hata mdogo unaoshika ukucha, rudisha, hiyo itakata sili. Pangusa chini ya sili, kama kitambaa kinatoka na oili, rudisha. Mwambie azungushe nati zote mbele yako, asikwambie fundi atazilegeza baadaye. Na lazima ziwe za modeli yako hasa, sio "hizi zinaingia tu".

Nne ni springi fupi juu ya shoki za kawaida. Inafanyika sana, na kama umeshusha milimita 20 hivi na shoki ni mpya, utaendesha vizuri kwa muda. Lakini unajua unazila shoki, na ukifika kuzibadilisha mara mbili ungekuwa umenunua zile za namba moja.

Ya mwisho kabisa ni springi za kukatwa, au mbaya zaidi za kuchomwa na gesi. Gari yangu niliinunua imekatwa raundi moja mbele na sikujua. Kihesabu, springi yenye raundi sita zinazofanya kazi ukikata moja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na shoki bado ni ileile ya zamani, haiwezi kuituliza, ndio maana gari inarukaruka. Lakini kilichonitisha ni kingine. Fundi aliinua mbele na jeki, tairi zikaning'inia, akashika springi kwa mkono akaizungusha, ikazunguka kama bangili. Yaani haikuwa imeshikwa na kitu. Ukipita tuta kwa kasi tairi ikining'inia sekunde moja, hiyo springi inaweza kutoka kwenye kikao chake. Hilo jaribio lifanye leo kwa gari yoyote ya chini unayotaka kununua, halina gharama. Na ya kuchomwa, chuma ikishapoteza ule ugumu wake haurudi, inaendelea kushuka yenyewe na upande mmoja unashuka kuliko mwingine.

Nikirudi kwa duka. Seti yangu ya kwanza ya shoki nilinunua duka moja Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, boksi zuri, jina kubwa la Japan, bei ikiwa chini kidogo kuliko kwingine na hicho kidogo ndicho kilinivuta. Miezi minne, zote mbili za mbele zinavuja. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimechanga hiyo pesa polepole. Tangu hapo nafanya hivi palepale kaunta: nafungua boksi, nakata ule mkanda unaoshika rodi, naachilia. Shoki ya gesi rodi inapanda yenyewe polepole bila kusitasita mpaka mwisho. Naisukuma chini, lazima ikatae kwa nguvu ileile kuanzia juu mpaka chini, kusiwe na mahali inateleza kama haina kitu. Nalinganisha ya kushoto na ya kulia, uzito, uchomeleaji, rangi, na namba iliyogongwa kwenye chuma iwe sawa na ya boksi. Hiyo namba naitafuta kwenye katalogi ya kampuni kwa simu nikiwa hapohapo, na kama ni ya modeli nyingine siichukui hata niambiwe nini. Risiti iandikwe namba ya kifaa, sio "shock 2 pcs". Muuzaji akikataa ufungue boksi, shukuru utoke, maduka yako mengi.

Shoki unabadilisha mbili mbili, hilo usibishane na fundi. Na ukizifungua, nunua mauntingi za juu mpya, zile zinazoshika shoki kwenye bodi ya gari, bampu stopa na koti la vumbi siku hiyohiyo, kwa sababu leba ni moja, na mauntingi iliyochoka italeta mlio mpya kabisa kwenye shoki mpya halafu uanze kulaumu shoki.

Bushi, zile mpira za kwenye maungio ya mikono inayoshika tairi, ndio sehemu watu wanapita haraka na mimi naomba usipite. Nikipanga, ya kwanza kwangu ni mpira ya jenuini au ya kampuni inayokubalika, halafu poliyurethini ya SuperPro, Whiteline au Powerflex, halafu zile za bei rahisi zisizo na jina, na mwisho kabisa pilobolu, vile vichuma vya duara vya gari za mashindano, ambavyo vumbi letu litavifanya vipige kelele mapema. Poliyurethini inadumu na usukani unakuwa na majibu, ila inahitaji grisi yake maalum, ukiikausha inalia kama mlango wa zamani. Kwa Impreza naweka polyi bushi moja tu, ile ya upande wa nyuma kwenye mkono wa chini wa tairi za mbele, kwa sababu ndio huchoka haraka, zingine zote mpira.

Sasa sikiliza hili. Bushi ya mpira inashikwa katikati na bolti, na gari ikipanda na kushuka mpira unajisokota kidogo. Fundi akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki na tairi zinaning'inia, mpira unashikwa ukiwa kwenye msimamo wa kuning'inia, halafu ukishusha gari chini tayari umesokotwa mpaka mwisho kabla hujatoka gereji. Kwa gari iliyoshushwa msokoto ni mkubwa zaidi kwa sababu gari inashuka zaidi. Wiki chache umeraruka. Kwa hivyo bolti zinawekwa kwa mkono tu, gari inashushwa ikalie tairi zake, au jeki inainua habu mpaka uzito wa gari uwe umekaa, ndio zinakazwa. Mimi nasimama hapo nikiangalia, na fundi mzuri hakasiriki, wa kwangu sasa ananiita mwenyewe, "Kuja uone mkubwa, iko chini."

Boljointi, kile kiungo cha duara kati ya mkono wa chini na tairi, na tairodi, ile rodi ya usukani, usijaribu kuokoa pesa hata kidogo. Kama bajeti inatosha kitu kimoja mwezi huu, iwe hivi, kwa sababu shoki ikifa unateseka lakini boljointi ikitoka tairi inalala njiani. 555 za Japan na CTR za Korea nimezitumia zote na sina malalamiko, ila feki za 555 pia ziko, angalia namba kama nilivyosema. Gari ikiwa chini sana, mkono wa chini unaanza kuelekea juu upande wa tairi badala ya kulala sawa, na gari inalala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu. Kwa Subaru Whiteline wana boljointi ndefu za kurekebisha hilo, lakini ukibaki kwenye ile milimita 30 huna haja nazo. Stabilaiza linki, vile virodi vya kuunga ile chuma ya kuzuia gari kulala kwenye kona, kama gari iko chini chukua zinazorekebishwa urefu, kwa sababu linki ya kawaida inakaa imeinama na ndio ule mlio wa tok tok unaosikia ukipita reli.

Ukimaliza yote peleka wilu alaimenti, lakini kwanza endesha kama kilomita 500 springi zikae, halafu ndio upime, na kabla ya hapo waombe waweke tu toe, yaani vile tairi zinaelekea ndani au nje kwa mbele, isiwe mbaya ili tairi zisiliwe njiani. Gari ya chini tairi inalala ndani kwa juu, na wengi wanalaumu huo mlalo, ndio unaitwa kamba (camber), kwa kula tairi upande wa ndani, kumbe mara nyingi ni toe inayokula haraka zaidi. Impreza mbele, kati ya bolti mbili zinazoshika chini ya shoki kwenye habu, ile ya juu imetengenezwa kurekebisha kamba, mkumbushe fundi maana wengine wanaikaza tu ilivyokaa. Omba karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada. Siku hiyohiyo ya alaimenti, wakiwa bado na gari juu ya rampu, fundi apitishe spana kwenye nati zote zilizofunguliwa, na wewe uweke alama ya rangi kwenye kila moja ili ukichungulia mwezi ujao uone kama kuna iliyosogea.