Video tamu, zoezi limenitia aibu darasani

Naandika nikiwa bado nimekasirika, mnivumilie. Tulinunua somo hili la video na mazoezi ya kompyuta ili kuwafundisha wanafunzi wa uhasibu jinsi hesabu zinavyopikwa, na mimi ndiye niliyelipigia debe.

Nilinogewa na sehemu ya WorldCom, ile kampuni ya simu ya Marekani. Kampuni ilikuwa inalipia matumizi ya laini za kampuni nyingine za simu. Hiyo ni gharama ya uendeshaji, inakatwa kwenye faida ya kipindi hicho hicho. Wao wakaihamishia kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na kuiita mali ya kudumu, kama vile jengo. Kwenye video unaiona tarakimu inang'oka safu moja inatua nyingine, na faida papo hapo inanenepa. Dola bilioni 3.8 ndizo zilizotangazwa mwanzo, mwaka 2002, kabla hesabu haijazidi kupanda. Jambo hilo nimelichora ubaoni miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wanapiga miayo. Safari hii hata wa viti vya nyuma walikaa wima.

Kisha likaja zoezi. Mwanafunzi anapewa leja, yaani daftari la hesabu, asahihishe. Akadebiti gharama, akakrediti mali, yaani akayatoa malipo kwenye mali na kuyarudisha kwenye gharama. Barabara kabisa! Kioo kikawa chekundu: si sahihi, malipo haya ni mali ya kudumu. Yaani somo la wizi linamtetea mwizi. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa hawa walifungwa kwa kosa gani?"

Nikawapigia huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakunipa nafasi hata ya kumaliza sentensi. "Mama, zima halafu uwashe." Nimezima, nimewasha. "Basi ni intaneti yenu." Intaneti gani hiyo inayogeuza debiti kuwa krediti? Akahitimisha kwamba mfumo haukosei, akakata simu. Kama Cynthia Cooper na wenzake wa ukaguzi wa ndani pale WorldCom, waliofichua wizi ule, wangeridhika na jibu la namna hiyo, wasingekesha wakifukua vitabu, na uozo ule ungeendelea.

Sehemu ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyopika hesabu pia, sina la kusema: muziki mwingi, pingu nyingi, na zile kampuni za pembeni zilizofichiwa madeni zimepitiwa kama upepo.

Haya, niseme ukweli. Kipindi kilichobaki wanafunzi walibishana na kompyuta kwa hoja, leja mkononi, kuliko walivyowahi kubishana na mimi. Kwa hilo nilitaka kutoa nyota nne. Lakini nikamfikiria anayejisomea peke yake usiku, hana wa kumwambia kwamba kompyuta inadanganya. Huyo ataingia kazini akiamini bili ya simu ni jengo.

Nyota mbili, zote za video. Mkirekebisha zoezi nitaongeza. Mkinitajia tena intaneti, naziondoa zote.